Nilipomtafsiria Nkambo Filamu ya Mchawi

Filamu ninayotaka kuizungumzia haimo katika orodha ya kazi tunazosoma hapa kitivoni, na sidhani kama itaingia siku moja. Ni filamu ya televisheni, ya mapenzi, ya aina ile ambayo ukiona dakika kumi za kwanza umekwisha kujua nani atamwoa nani, na bado unaendelea kutazama. Kwa Kiingereza inaitwa The Good Witch. Ilionyeshwa mara ya kwanza Januari 2008 kwenye chaneli ya Hallmark ya Marekani. Watu waliipenda, ikazaa filamu nyingine sita, halafu mfululizo wa televisheni ulioanza 2015 ukaisha 2021. Katika miaka hiyo walitoa pia filamu maalum za Halloween, yaani usiku wa tarehe 31 Oktoba, ambapo Wamarekani huvaa kama mizimu na watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende.

Niliitazama mwezi wa kumi uliopita, hapa Lubumbashi, nyumbani kwa tantini, pamoja na nkambo. Umeme ulikuwa umerudi baada ya siku tatu za giza, na umeme ukirudi mtu hachagui filamu, anatazama iliyopo. Iliyopo ilikuwa kwenye flashi ya yaya. Zilikuwa mbili: ile ya kwanza ya 2008 na ile ya Halloween ya 2015, zote zimewekewa sauti za Kifaransa. Tantini aliweka babula nje ukumbini, akakaanga karanga, akaziweka katikati. Nkambo akakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kama anavyokaa sikuzote.

Nkambo hasikii Kifaransa. Anasema Kibemba na Kiswahili. Tantini akanigeukia.

"Mama, wewe njo unasomaka luga. Utuelezee."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza ya ukalimani, bila mshahara, mbele ya msikilizaji mgumu kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumsomea.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Katika mji mdogo uitwao Middleton anafika mwanamke mzuri, mwenye nywele nyeusi, asiyejulikana ametoka wapi. Jina lake Cassandra Nightingale, wenyewe wanamwita Cassie, na anayemwigiza ni Catherine Bell. Anaingia kuishi katika nyumba kubwa ya zamani, Grey House, ambayo watu wanasema ina mzimu. Anafungua duka la mishumaa, majani na vitu vingine vya ajabu. Mkuu wa polisi, Jake Russell, ni mfiwa mwenye watoto wawili. Mke wa meya, Martha Tinsdale, hampendi mgeni na anawachochea watu dhidi yake. Mji mzima unajiuliza: huyu ni mchawi au si mchawi? Filamu haijibu. Inatabasamu tu, na mwishoni mkuu wa polisi anapenda, kama tulivyojua tangu mwanzo.

Ni filamu tamu kupita kiasi, kama chai ya mtoto. Mji wa Middleton hauna takataka barabarani wala maskini mlangoni. Mji huo wenyewe haupo: walipiga picha Ontario, nchini Kanada. Muziki unakuambia lini ucheke na lini uguswe, usije ukakosea. Kila tatizo linapata dawa kabla ya tangazo la biashara linalofuata. Nilikuwa nimejiandaa kucheka nayo kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa robo saa nilicheka.

Kisha mtu mmoja katika filamu akatamka neno sorcière, na nkambo akanitazama akingoja.

Wasomaji wa gazeti hili wanajua kwamba mfasiri hakwami kwenye maneno magumu. Hukwama kwenye maneno rahisi. Sorcière ni neno ambalo mtoto wa shule ya msingi angelitafsiri. Nilikuwa na mchawi. Nilikuwa na mlozi, ambalo kwetu ndilo linalosemwa zaidi, nasi tunalitamka mulozi. Nilikuwa na ndoshi la Kibemba, ambalo sikio linasikia mara moja kwamba ni ndugu wa mlozi. Lakini tazameni muundo wa neno lenyewe. Kama jenga huzaa mjenzi, ndivyo loga huzaa mlozi. Mlozi ni mtu anayeloga: tendo limo ndani ya jina lake, na tendo hilo ni kuua au kudhuru kwa siri. Ukisema "mlozi mwema" umesema "mwizi mwaminifu". Sarufi inakubali, lakini kichwa cha msikilizaji kinakataa.

Mganga je? Mganga anaponya, hilo ni kweli, lakini mganga haogopwi kwa namna ile, naye ana kazi inayojulikana na malipo yanayojulikana. Mfumu ndiye anayetafuta mlozi. Ningemweka Cassie upande wa washtaki wake. Hata waliotafsiri kwa Kifaransa walikwepa. Kichwa chao hakina neno mchawi. Kina neno soupçon. Kwa Kifaransa neno hilo lina maana mbili: tuhuma, na pia kiasi kidogo sana cha kitu, kama chumvi unayoshika kwa ncha za vidole. Wao bila shaka walitaka maana ya pili, uchawi kidogo wa kuleta ladha. Mimi, nikiwa nimekaa karibu na nkambo, nilibaki na ile ya kwanza.

Nikasema: "Banamuita mama wa majani."

Nilidanganya. Na sikudanganya kwa sababu ya isimu. Nilidanganya kwa sababu nkambo yuko Lubumbashi leo kwa ajili ya neno lile, na mimi ni mmojawapo wa waliomletea.

Nilikuwa na miaka minane. Katika likizo kubwa nilipelekwa kijijini kwake, kando ya Luapula, upande wa Kasenga. Nkambo alikuwa mjane tayari. Alikuwa na nyumba ya nyasi, shamba la mihogo lililokuwa limestawi kuliko ya jirani zake, na ulimi usioogopa mtu. Usiku mmoja niliota ananipa nyama, nami nakula. Asubuhi nilisimulia ndoto hiyo mbele ya watu, nikicheka, kama watoto wanavyosimulia. Nilikuwa mtoto wa mji, sikujua kwamba chakula cha ndotoni si jambo la kuchekea. Wengi kwetu wanaamini kwamba hiyo ndiyo njia ya kupewa ulozi: unalishwa usingizini, kisha unadaiwa.

Wiki ileile mtoto wa baba mdogo alikuwa na homa. Akafa.

Ndoto yangu ilitembea nyumba nyingi kuliko nilizotembea mimi. Siku chache baadaye niliitwa mbele ya wazee nikaombwa niiseme tena. Nikaisema. Na kwa kuwa watu wazima walikuwa wamenyamaza wote wakinisikiliza mimi, jambo ambalo halikuwa limenipata maishani, niliongeza. Nilisema nyama ilikuwa na damu. Haikuwa na damu. Katika ndoto ilikuwa nyama iliyopikwa, yenye mchuzi, nakumbuka mpaka leo.

Waliezua nyasi za paa lake mchana, yeye akiwa ndani. Alitoka na furushi moja, akapanda lori la samaki, akaja kwa tantini. Shamba lilibaki mikononi mwa ndugu za mume wake. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuzungumzwa tena. Ilisemwa tu kwamba nkambo amezeeka, amekuja kukaa mjini.

Turudi kwenye mkeka. Filamu iliendelea, nami niliendelea kutafsiri kwa uangalifu, nikiruka neno lile kila lilipotokea. Lakini picha hazitafsiriwi, na hakuna anayeweza kuziruka. Nkambo aliona watu wakinyamaza Cassie anapokaribia. Aliona mke wa meya akiwanong'oneza wenzake. Aliona mkuu wa polisi akienda kugonga mlango wa mwanamke ambaye hakufanya kosa lolote, na akichunguza habari zake za zamani mpaka akagundua kwamba alibadilisha jina. Nkambo akaweka karanga chini.

"Mama, juu ya nini unanificha? Ule mwanamuke banamuita mulozi."

Nikanyamaza.

"Mi najua vile bantu banaangaliaka mulozi," akasema, na akachukua karanga zake tena.

Sasa katika filamu hiyo mkuu wa polisi ana binti mdogo, Lori, anayeota ndoto mbaya. Mtoto na ndoto: nilipoona hivyo nilitamani umeme ukatike. Haukukatika. Lori anamwendea Cassie, na Cassie anamsaidia mpaka ndoto zinamwachia. Yule anayeitwa mchawi ndiye anayemponya mtoto ndoto. Hiyo si sehemu kubwa ya filamu. Walioiandika walihitaji tu sababu ya baba mtu kumpenda mgeni. Kwangu ndiyo iliyokuwa filamu yote. Sikuweza tena kutafsiri. Tantini akauliza nimelala au vipi.

Nikasema, bila kumtazama: "Nkambo, ile nyama haikuwa na damu."

Alitafuna kwanza. Nkambo hazungumzi na kitu mdomoni.

"Nilijua," akasema. "Mutoto analotaka tu. Bakubwa njo banafasiriaka."

Nilitaka jambo liishie hapo. Lilikuwa neno zuri, neno la kuandika kwenye daftari, na nililiandika usiku uleule. Lakini nkambo hakuwa amemaliza.

"Lakini ulikawia," akasema. Kisha akanyosha kidole kwenye televisheni. "Ule polisi anasema nini pale? Endelea."

Nikaendelea.

Tangu jioni ile nimesoma mengi kuhusu wachawi wa Wamarekani, pengine ili nisifikirie "ulikawia". Nchi inayotengeneza filamu tamu za wachawi iliwahi kuwanyonga. Huko Salem, katika Massachusetts, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa kosa la uchawi na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Leo Salem inaishi kwa watalii, hasa mwezi wa Oktoba, na magari ya polisi wa mji huo yana mchoro wa mchawi juu ya ufagio wake. Mwanzoni nilikasirika nilipolisoma hilo. Baadaye niliona kwamba mtu hucheza na simba aliyekwisha kufa. Kwao neno limekufa, ndiyo maana linaweza kuvalishwa kofia na kuuzwa. Kwetu linaishi na linauma.

Washtaki wa kwanza wa Salem walikuwa watoto wa kike. Mmoja, Betty Parris, alikuwa na miaka 9. Mwingine, Ann Putnam, alikuwa na miaka 12. Mwaka 1706, miaka 14 baadaye, Ann Putnam alisimama kanisani, mbele ya majirani zake, huku mchungaji akisoma maneno yake ya kuomba msamaha kwa waliouawa na kwa jamaa zao. Nilipofika hapo nilifunga simu. Nilihesabu yangu: miaka 13, na msamaha wangu niliusema kwenye mkeka, macho yakiwa kwenye televisheni, mbele ya tantini mmoja na sahani ya karanga.

Nchi yetu ina sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto, nayo inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Ni sheria nzuri, na kila anayejua watoto wa barabarani wa miji yetu anajua kwa nini ilihitajika. Lakini nimeisoma nikitafuta watu wawili na sikuwaona. Mwanamke mzee hayumo, kwa sababu si mtoto. Na mtoto wa aina yangu, yule ambaye watu wazima wanamtumia kama kinywa, naye hayumo.

Huo ndio udhaifu wa The Good Witch, zaidi ya muziki wake na tabasamu zake. Cassie ni kijana, ni mzuri, ana nyumba yenye ufunguo, ana duka, na mkuu wa polisi anampenda. Uzuri wake ndio wakili wake. Hakuna anayelihitaji shamba lake. Filamu inauliza kama mji unaweza kumpenda mgeni mwenye siri, na inajibu ndiyo, kwa saa moja na nusu. Swali la kwetu ni jingine: je, kijiji kinaweza kumrudishia mwanamke mzee paa lake? Hakuna chaneli itakayonunua hilo.

Hata hivyo sitaki kuidharau filamu iliyonifungua mdomo. Katika mihadhara yetu tumesoma vitabu vikubwa juu ya hatia na msamaha, nami niliandika kazi nzuri juu yake, nikapata alama. Sikusema kitu nyumbani. Filamu ya bei rahisi, ambayo haikudai chochote kwangu, iliniweka karibu na nkambo kwa muda wa kutosha, katika giza la kutosha, na ikanipa sababu ya kuongea. Labda sanaa nyepesi ina kazi hiyo: haikutazami usoni, kwa hiyo hujifichi.

Ile ya pili tuliitazama usiku uleule, kwa kuwa hakuna aliyejua umeme utarudi tena lini. Ni ya Halloween yenyewe, kwa hiyo maboga yamejaa vibarazani. Ilibidi nieleze. Nikasema kwamba wanayatoboa macho na mdomo, wanaweka mshumaa ndani. Kwamba desturi hiyo ilitoka Ireland, ambako walichonga mizizi fulani ya shambani, na walipohamia Marekani wakakuta boga ni kubwa na laini zaidi. Nkambo hakujali historia.

"Na habayakule?"

Nilisema mengi yanatupwa. Alisikitika kweli, kuliko alivyosikitika kwa jambo jingine lolote usiku ule, akauliza kama majani yake pia wanayatupa. Kwetu majani ya maboga ni mboga. Kwa usiku wa wafu, alisema, sisi tuna tarehe 1 mwezi wa nane: unakwenda makaburini asubuhi na jembe, unasafisha kaburi la baba na mama, basi. Nani anawatisha watoto kwa ajili ya hilo?

Kisha akaona kitu ambacho mimi, mtaalamu, nilikuwa nimekipita. Katika hadithi ya 2015 mkuu wa polisi hayupo tena. Amekwisha kufa, na Cassie ni mjane. Jirani yake mpya ni daktari, na tayari tunajua yatakayofuata. Nilikuwa nimelitafsiri jambo hilo kwa sentensi moja tu, kama habari ya kupita. Nkambo akanisimamisha.

"Bwana yake alikufaka?"

"Ndiyo, nkambo."

"Na habakusema asema njo eye alimukula?"

"Hapana. Hakuna aliyesema."

Alitikisa kichwa polepole, akitazama ule mji safi na taa zake. Wachawi, mizimu, ufagio: yote hayo aliyakubali bila shida. Hilo moja ndilo alilolikuta ni la kubuni. Mwanamke anaitwa mchawi, mumewe anakufa, na majirani wanakuja kunywa naye chai.

Mwalimu wetu wa tafsiri hutuambia kwamba neno sahihi wakati mwingine hulijui mpaka umsikie msikilizaji akilitumia. Nkambo ameomba filamu ile mara mbili tangu hapo, na haiiti ya mchawi wala ya mama wa majani. Anasema: "Muweke ile ya mujane." Nimetafuta neno bora kuliko hilo kwa sorcière, jinsi linavyoishi kule kando ya Luapula, na sijalipata.

Likizo kubwa nitakwenda Kasenga. Wazee wawili kati ya wale walionisikiliza bado wako hai, na baba mdogo pia. Nataka kusimama mahali palepale na kusema kwamba nyama haikuwa na damu. Sijui watafanya nini na neno hilo. Shamba halitarudi kwa sababu ya sentensi moja. Nimemwambia nkambo. Hakusema niende, hakusema nisiende. Aliuliza nauli ya lori ni kiasi gani siku hizi, akashangaa, kisha akasema kwamba, kama ninakwenda kweli, nimletee mbegu za maboga ya kule, kwa sababu ya hapa mjini hayana utamu.